Mpangilio wa safu kwa watoto wa Darasa la Kwanza na la Pili: tulifundishe jicho kabla ya kuandika alama ya kuzidisha

Mleta uzi

Ndugu walimu na wazazi, salaam.

Nimeleta mada hii kwa sababu ya jambo ambalo hujirudia kila mwaka tunapofika kwenye kuzidisha. Kitabu kinaonyesha machungwa yaliyopangwa katika safu tatu zenye manne manne, chini yake kimeandikwa 3 × 4 = 12, nasi walimu tunaichukua picha hiyo kana kwamba inajieleza yenyewe. Haijielezi. Mtu mzima akiitazama anaona safu tatu zilizo sawa, lakini mtoto wa miaka saba, mara nyingi, anaona machungwa mengi tu, na kazi anayoijua ni kuyahesabu moja moja mpaka yaishe. Akipata 12 tunampa vema na kusonga mbele, ilhali hakuzidisha chochote.

Hoja yangu ni kwamba mpangilio wa safu unastahili kufundishwa wenyewe, kwa vipindi kadhaa, kabla alama ya × haijafika ubaoni, na kwamba kiini cha mafundisho hayo ni kumwezesha mtoto kuiona safu nzima kuwa kitu kimoja kinachoweza kuhesabiwa. Ninaposema mpangilio wa safu nina maana ya vitu vilivyopangwa kwa safu mlalo na safu wima, kila safu mlalo ikiwa na idadi sawa na wenzake, na kila kitu kikiwa kimenyooka chini ya mwenzake.

Anayetilia shaka afanye jaribio hili. Mwekee mtoto vizibo 24 vya soda katika safu nne zenye sita sita, mwombe avihesabu, kisha tazama kidole chake badala ya kungoja jibu. Watoto wengi huanza kona ya juu, wakaenda hadi mwisho wa safu ya kwanza, wakashuka upande wa kulia, wakarudi kwa safu ya chini na kupanda upande wa kushoto. Wakifika pale walipoanzia, kidole kinasita, kwa kuwa mtoto hana uhakika kama kizibo cha kona amekwisha kukihesabu. Halafu anaingia katikati, kwenye vizibo vinane vilivyobaki, na humo kidole hakina njia maalumu. Jibu linatoka 23, au 25, au 26. Namba alizitaja kwa mfuatano sahihi tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kumrudisha kwenye zoezi la kuhesabu hakutamsaidia. Kinachokosekana ni kuuona muundo.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Mwaka 1998 Michael Battista, Douglas Clements na wenzao walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa darasa la pili nchini Marekani, ambao waliombwa kubashiri idadi ya miraba itakayoujaza mstatili, kisha kuichora, na hatimaye kuhakiki kwa kupanga miraba halisi. Wengi wao hawakuuona muundo wa safu mlalo na safu wima ambao watu wazima huudhani kuwa uko wazi, na walilazimika kuujenga akilini hatua kwa hatua. Miaka miwili baadaye Lynne Outhred na Michael Mitchelmore wa Australia walionyesha kwamba hata mchoro wa mtoto hutoa ushahidi: asiyeuona muundo huchora kila mraba peke yake, mmoja mkubwa, mwingine mdogo, na haikutani kingo, lakini aliyekwisha kuuona huchora mistari mirefu kutoka upande hadi upande. Mwalimu anayepita katikati ya madawati anaweza kulitambua hilo kwa kutazama daftari tu.

Sasa nieleze ninavyofundisha, nikianza na kifaa ninachokipenda kuliko vyote, yaani trei ya mayai. Trei ya kawaida ya dukani ina vishimo 30, vitano kwa sita, na vishimo hivyo ndivyo vinavyonyoosha safu. Vizibo vilivyowekwa mezani huteleza, na mtoto akivisukuma kidogo safu wima zinapotea, akabaki na rundo. Trei haimruhusu kuharibu. Ninaomba trei tupu, safi na kavu, na ile yenye alama za kinyesi cha kuku au yai lililopasuka ninaiacha hukohuko, kwa kuwa mayai na vinyesi hivyo vinaweza kubeba vijidudu vya maradhi ya tumbo na trei ya karatasi haioshwi. Hata zile safi, watoto hunawa mikono baada ya kuzishika.

Kazi ya kwanza ni ya kujenga tu. Ninajaza kishimo kimoja kimoja cha safu ya kwanza, vizibo vitano, kisha ninamwomba mtoto atengeneze chini yake safu nyingine inayofanana na hiyo. Anajenga ya pili, anajenga ya tatu. Baadaye ninaondoa kizibo kimoja katika safu ya kati na kuuliza, "Je, safu zote bado zinafanana?" Swali hilo dogo lina uzito, kwa sababu mtoto hawezi kulijibu bila kulinganisha safu na safu, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza anaacha kutazama kizibo na kuanza kutazama safu. Ninaanza na safu za mbili na za tano kwa makusudi. Jicho la binadamu hutambua vitu vitatu au vinne kwa mtazamo mmoja bila kuhesabu, na tano mtoto anaibeba mkononi mwake kila siku. Safu ya saba humlazimisha kuhesabu upya kila mara, akarudi kwenye moja moja tunayotaka kumtoa.

Kazi ya pili ndiyo ninayoiona kuwa moyo wa somo zima. Ninakata kipande cha manila kinachofunika trei yote isipokuwa safu ya juu. Ninauliza, "Vipo vingapi?" Watoto wanajibu vitano. Ninateremsha manila kwa safu moja na kuuliza, "Na sasa?" Wapo watakaoanza tena moja, mbili, tatu, nami siwakatazi, ila ninaendelea kuteremsha kwa mwendo uleule: kumi, kumi na tano, ishirini. Kila manila inaposhuka namba moja tu ndiyo inayotajwa, na kwa namna hiyo ule wimbo wa tano, kumi, kumi na tano, ambao wengi wao wanauimba tangu darasa la awali, unapata kitu cha kushikamana nacho.

Ugumu wa kweli upo hapa. Kuzidisha kunamtaka mtoto abebe hesabu mbili kwa wakati mmoja, yaani idadi ya safu zilizokwisha kuonekana na jumla ya vitu vyote, na mtoto mdogo akishika moja huiachia nyingine. Kwa hiyo ninawaweka wawili wawili: mmoja anataja jumla, mwenzake anainua kidole kimoja kwa kila safu inayofunuliwa. Mwisho wa kazi mmoja anasema "ishirini" na mwingine ameinua vidole vinne, na sentensi inayotamkwa na wote wawili ni "safu nne za tano tano ni ishirini". Ikitamkwa hivyo kwa siku kadhaa, na kuandikwa 5 + 5 + 5 + 5 = 20, alama ya × inapokuja inakuta nafasi yake imeandaliwa.

Baada ya hapo ninaigeuza trei. Trei iliyojaa, safu tano za sita sita, ninaishika mbele yao na kuuliza kabla sijafanya lolote: "Nikiizungusha hivi, vizibo vitaongezeka, vitapungua, au vitabaki vilevile?" Wapo watakaosema vitaongezeka, na hilo lisimkasirishe mwalimu, kwa kuwa Jean Piaget alionyesha zamani kwamba mtoto mdogo akiona safu imetandazwa ikawa ndefu zaidi huamini kwamba vitu vimezidi. Ninaizungusha robo mzunguko. Hakuna kizibo kilichotoka wala kilichoingia, lakini sasa ni safu sita za tano tano. Faida hii haipatikani kwenye picha za mafungu. Mifuko mitatu yenye machungwa manne manne haiwezi kugeuzwa ikawa mifuko minne yenye matatu matatu bila kuifungua yote, lakini trei inageuka yote kwa pamoja, na mtoto anashuhudia kwamba 5 × 6 na 6 × 5 ni idadi ileile ikitazamwa kutoka upande mwingine.

Mwisho kuna mkasi. Trei ikikatwa baada ya safu ya pili tunapata safu mbili za sita na safu tatu za sita, 12 na 18, ambazo zikiunganishwa zinarudi kuwa 30. Kwa Darasa la Pili ninaishia hapo, ila mwalimu atakayewapokea watoto hawa wanapofika kwenye 14 × 6 au kwenye eneo la mstatili atakuta mbegu ilishapandwa.

Kuhusu wakati, naona nchi nyingine hazikimbilii alama. Mtaala wa taifa wa Uingereza unataja mipangilio hii tangu mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, lakini kwa kutumia vitu na picha na kwa msaada wa mwalimu. Viwango vya pamoja vya Marekani vya mwaka 2010 vinaiweka darasa la pili, kwa mipangilio isiyozidi safu tano kwa tano, na vinamtaka mtoto aandike sentensi ya kujumlisha. Kuzidisha kwenyewe kunaanza darasa la tatu. Sisemi tuige. Nasema hawa nao wameona kwamba kati ya picha na alama kuna kazi ya kufanywa.

Karibuni tujadiliane.

Mwalimu wa Darasa la Pili

Mwalimu mwenzangu, nimekusoma kwa makini na ninakubaliana na hoja, lakini nina wanafunzi zaidi ya 90 katika chumba kimoja na kipindi ni cha dakika 30. Trei nitazitoa wapi, na nikizipata, nitawezaje kutazama kidole cha kila mtoto?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki, mwalimu, na ndilo linaloamua kama haya yanafaa katika shule zetu. Trei moja hukatwa vipande, na kipande cha vishimo sita kinawatosha watoto wawili, hivyo trei moja huhudumia watoto kumi. Hata bila trei, chora kwenye manila nukta kubwa, safu kumi zenye kumi kumi, na ukate karatasi nyingine kwa umbo la pembe mraba, yenye mikono mipana ya kutosha kuficha zilizobaki. Ukiiweka pembe hiyo juu ya nukta, unawaachia watoto safu tatu za nne, ukiisogeza unawaachia nne za nne, na darasa zima linaona kwa pamoja. Ni manila moja inayokufaa mwaka mzima.

Kutazama vidole vya watoto 90 kwa siku moja haiwezekani, na hakuna sababu ya kujilaumu. Wape kazi ya kuchora kwenye daftari lisilo na miraba: mstatili mtupu, waujaze safu tatu za vyumba vinne vinne. Ukikusanya madaftari utawajua wanaochora kimoja kimoja na wanaovuta mistari mirefu. Hao wa kwanza ndio utakaowatembelea kesho yake.

Lipo pia zoezi la uwanjani, ila lina sharti. Ukiwapanga watoto 20 katika safu nne za tano tano, wale waliosimama ndani hawauoni mpangilio. Kila mmoja anaona kisogo cha aliye mbele yake. Kwa hiyo nusu ya darasa isimame kwenye baraza, mahali palipoinuka, ndiyo iseme idadi, kisha wabadilishane. Waamuru walio uwanjani wageuke kulia wote pamoja, na walio barazani waulizwe ni safu ngapi sasa.

Mama wa mwanafunzi

Naomba kuuliza kama mzazi. Mwanangu alipewa picha ya safu tatu zenye nyota nne nne, akaandika 4 × 3 = 12, akawekewa kosa. Aliniuliza kwa nini amekosa wakati nyota ni 12, nikakosa la kumwambia. Je, alikosa kweli?

Mleta uzi

Asante, mama, kwa kulileta hapa. Jumla yake ni sahihi na nyota alizisoma vizuri. Kinachobishaniwa ni mapatano ya namba ipi itangulie. Viwango vya Marekani huisoma 5 × 7 kuwa mafungu matano ya saba saba, ilhali vitabu vya Japani huanza kwa kuandika ukubwa wa fungu, kisha idadi ya mafungu. Watoto wa nchi zote mbili wanafika kwenye jibu moja. Maana yake ni kwamba utaratibu huo ni makubaliano ya darasa, na makubaliano yana faida yake pale mwanzoni, kwa sababu mwalimu anajua mtoto anapoandika 3 × 4 anamaanisha safu ngapi.

Mimi ningemwita mtoto na kumuuliza, "Nne yako iko wapi kwenye picha? Na tatu?" Akionyesha safu wima nne zenye nyota tatu tatu, amepata, tena ameona jambo ambalo wenzake hawajaliona. Akishindwa kuonyesha, hapo ndipo pana kazi, na pangekuwa na kazi hata kama angeandika 3 × 4. Alama ya kosa bila swali haimwambii mtoto lolote kati ya hayo, nami ningewaomba walimu wenzangu tuiache. Wewe nyumbani mpangie maharage kwa namna ileile ya nyota, mwombe akuonyeshe namba zote mbili, na umweleze kwamba darasani mmekubaliana kuanza na idadi ya safu.

Mwalimu mstaafu

Nimefundisha hesabu kwa muda mrefu, na sisi tulifundisha tebo kwa kukariri. Watoto waliziimba asubuhi, na waliotoka mikononi mwetu walijua saba mara nane bila kupepesa. Ninaogopa kwamba vifaa vinaweza kuwa vingi, mtoto akafika Darasa la Nne bado anatafuta vizibo. Unasemaje?

Mleta uzi

Shikamoo mwalimu, na nashukuru kwa kuchangia. Hofu yako naiheshimu, na sina nia ya kuiondoa tebo. Mtoto asiyekuwa na tebo kichwani atateseka kwenye kugawanya kwa njia ndefu na kwenye sehemu, na vizibo havitamwokoa huko. Ninachotaka ni kwamba akisahau awe na mahali pa kurudi. Aliyekariri tu, akisahau saba mara nane, anaanza wimbo tangu mwanzo au anakisia. Aliyezoea kukata trei anajua kwamba safu saba za nane ni safu tano za nane, 40, na safu mbili za nane, 16, basi ni 56, na mara ya tatu au ya nne hatahitaji tena kukata.

Kwa tebo ya nane tuna kifaa ambacho wazee wa pwani wanacho barazani. Bao lina safu nne zenye mashimo manane manane, jumla 32, na kila mchezaji anamiliki safu mbili, yaani 16. Ukiweka kete mbili katika kila shimo unapata 64, ambazo ndizo kete zote za mchezo. Mtoto aliyelikalia bao ameshaona 2 × 8, 4 × 8 na kuongeza maradufu, na kinachobaki ni mwalimu kumwonyesha kwamba alichokiona kinaandikika.

Kuhusu muda, nakubali kabisa kwamba vifaa viwe na mwisho. Trei kwa siku kadhaa, kisha nukta zilizochorwa, kisha mstatili mtupu wenye namba pembeni mwake, kisha namba peke yake. Jerome Bruner alizungumzia mwendo wa aina hiyo miaka ya 1960, kutoka kutenda hadi taswira hadi alama, na Singapore imeujengea ufundishaji wake wa hesabu tangu miaka ya 1980. Mtoto anayeng'ang'ania vizibo baada ya wenzake kuviacha, mara nyingi hakuwahi kuiona safu. Alikuwa akihesabu moja moja muda wote.

Mwalimu mstaafu

Marahaba. Hilo la kuwa na mahali pa kurudi nimelikubali. Ila darasani kwangu ningeanza kuimba siku ileile trei inapoingia, nisingesubiri.

Mwalimu wa awali

Nami niulize la mwisho. Watoto wangu wana miaka mitano. Juzi niliwapa vizibo saba wavipange katika safu zinazolingana, wakahangaika sana, mmoja akalia. Je, niwape idadi zinazogawanyika tu, kama sita na kumi na mbili?

Mleta uzi

Kwa miaka mitano, ndiyo, anza na sita, nane, kumi na kumi na mbili, na usidai namba iandikwe. Wapange, wavunje, wapange tena. Kumi na mbili ni nzuri kuliko zote kwa sababu inakubali safu mbili za sita, tatu za nne, na zote mbili zinageuka, hivyo watoto wanne wanaweza kuwa na mipangilio minne tofauti na wote wakawa sahihi.

Lakini saba usiitupe, itunze hadi Darasa la Pili. Huko wape vikundi vizibo saba, tisa, kumi na mbili na kumi na tatu, waseme ni mipangilio mingapi inayowezekana kwa kila idadi. Watakaopewa tisa watapata umbo la mraba. Watakaopewa saba na kumi na tatu watabaki na safu moja ndefu tu, na watakuambia kwamba vizibo vyao ni vibaya. Usiwajibu haraka. Waambie waongeze kizibo kimoja kimoja na kuandika kila idadi inayokataa kupangika zaidi ya safu moja, mpaka wafike ishirini. Kisha ubandike orodha yao ukutani na uiache hapo, kwa kuwa mwalimu wa madarasa ya juu ataihitaji siku atakapofundisha namba tasa.